Mjomba, yule bingwa hakuiba mkanda

Salamu nyingi kutoka Busia, mjomba. Sisi wazima, ila mvua haitupi nafasi ya kuanika hata shuka.

Naandika kwa ajili ya usiku ule tulipotazama mieleka ya WWE, ile kampuni ya Marekani, kwenye kibanda cha video nyuma ya kambi, nami nikiwa bado mtoto wa kaptura. Bingwa alipigwa akapigika. Akateleza chini ya kamba, akaunyakua mkanda wake mezani, akauweka begani na kuondoka zake huku refa akihesabu. Refa alipofika kumi, mpinzani akatangazwa mshindi, lakini mkanda ukabaki kwa aliyekimbia. Wewe uliinuka kwenye benchi, ukaupiga ukuta wa mabati kwa kiganja, ukasema, "Huu ni wizi!" Ukanishika mkono tukatoka, pambano la mwisho bado.

Haukuwa wizi, mjomba. Kwa kawaida ya WWE, ubingwa hauhami kwa bingwa kuhesabiwa mpaka kumi akiwa nje ya ulingo, wala kwa kuvunja sheria. Sharti bingwa abanwe mabega chini mpaka refa apige mkono mara tatu, au asalimu amri mwenyewe. Ndiyo maana aliyezidiwa hukimbia, au humchapa mwenzake kiti makusudi mbele ya refa. Pambano linampotea, mkanda unalala kwake.

Lakini hasira yako ilikuwa ya haki, na miaka yote hii nimetaka kukuambia hivyo. Mapambano mengi ya sheria maalumu yanajibu hasira kama ile. Bingwa akizoea kujificha nyuma ya kiti, linatangazwa pambano lisilo na marufuku, na kiti kinakuwa halali kwa wote wawili. Akizoea kukimbia, anafungiwa ndani ya kizimba cha chuma. Najua utauliza: si humo pia anayetoka mlangoni au kuvuka wavu kwa juu anahesabiwa ameshinda? Kweli kabisa, na hapo mkimbiaji bado ana mwanya. Basi Oktoba 1997, mjini St. Louis, wakaleta kizimba chenye paa, kipana kiasi cha kufunika hata eneo la nje ya ulingo, wakawatia humo wanamieleka Undertaker na Shawn Michaels. Kule kutoka hakumpi mtu ushindi.

Ninalolipenda kuliko yote ni pambano la ngazi. Michaels alikuwa amevuliwa ubingwa wa Intercontinental, mmoja wa mikanda ya kampuni ile, mwaka 1993, Razor Ramon akautwaa, kisha Michaels akarudi na mkanda wake akidai hajashindwa na mtu. Mabingwa wawili, mikanda miwili! Machi 1994, ukumbi wa Madison Square Garden, mikanda yote miwili ikaning'inizwa juu ya ulingo: hakuna kubana mabega, hakuna hesabu, anayepanda na kuitungua ndiye bingwa. Mwishoni Michaels alinaswa kwenye kamba. Anajikurupusha, macho yake yakiwa juu, na Ramon anapanda ngazi kidato kwa kidato mpaka anaishika mikanda na kuanguka nayo. Ningetamani tungeliona lile pamoja. Ulikuwa ukitaka aliyeshinda aondoke na kitu mkononi, na pale ndivyo ilivyokuwa.

Pambano la watu watatu silipendi, nisikufiche. Mpinzani mmoja akimbana mwenzake, bingwa anapoteza ubingwa bila kuguswa. Hapo hata mimi ningepiga bati.

Na ulikuwa ukiniuliza lini Mwafrika atauvaa mkanda ule mkubwa. Aprili 2019 Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, alimbana Daniel Bryan mabega chini akawa bingwa wa WWE. Hakuhitaji kizimba wala ngazi. Moja, mbili, tatu, mbele ya uwanja mzima wa New Jersey. Nililia, mjomba.

Sasa vijana wetu wenyewe wanapigana Mukono, wale wa Soft Ground Wrestling. Ulingo wao ni matope, kamba zimefungwa kwenye nguzo, na wanarukiana mpaka humjui nani ni nani. Nataka twende. Basi la Kampala linapita Jinja, nitashuka nikuchukue nyumbani, tuendelee pamoja mpaka steji ya Mukono. Nijulishe tu goti lako litakubali lini. Safari hii tunakaa mpaka pambano la mwisho liishe.

Mpwa wako