Masalu, yule samaki yuko wapi?

Nyegezi, Mwanza
Jumapili jioni

Masalu ndugu yangu,

Habari za Bukoba? Huku sote wazima. Mama anakusalimu, anauliza kama senene umeshaanza kuwaona. Shija kapata kibarua pale gereji ya Igoma, sasa anatembea kama meneja. Basi, salamu zimetosha.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu umeamua kuwa bubu. Tiki mbili za bluu, kisha kimya. Neema anapanda meli kesho kutwa, kasema barua hii atakupa mkononi na hatatoka mlangoni pako mpaka umjibu. Unamjua Neema.

Masalu, yule samaki yuko wapi?

Nasema yule wa uzi, wa bluu, mwenye jicho la kifungo, aliyefungwa kwenye kibati cha Travel Bug chenye mdudu wa mistari, kile cha namba kinachofuatilia kitu kikisafirishwa toka kikopo hadi kikopo kwenye mchezo wetu wa geocaching, wa kuficha vikopo na kuvitafuta kwa GPS. Usijifanye humjui. Juzi nimemwona kwenye status yako ananing'inia kwenye ufunguo wa pikipiki, pembeni chupa ya soda. Nilicheka kwanza. Halafu nikakuza picha nikaona herufi na tarakimu zote sita za namba ya siri zinasomeka vizuri kabisa, kicheko kikaisha. Namba ile ndiyo ushahidi kwamba mtu kamshika samaki au kamwona kwa macho yake. Ukiianika, mtu yeyote aliyelala kitandani kwake anaweza kuandika kwamba kamwona, na safari yote ya samaki inajaa uongo. Kama unataka kumtaja mbele za watu, tumia ile namba nyingine inayoanza na TB, hiyo haina siri. Picha ifute leo. Au ziba kibati kwa kidole, kazi ndogo tu hiyo.

Sasa sikiliza kilichonifanya nishike kalamu. Kuna mgeni alikuja hapa mjini, akapanda mawe yote yale na jua la saa nane mpaka kwenye kikopo chetu, kwa sababu ukurasa wa samaki mtandaoni unasema yumo humo. Akafungua: daftari, penseli, gololi na tochi yako. Samaki hayumo. Akaandika kwa upole (hawa wakikasirika ndipo wanapoandika kwa upole), na mwenye samaki akausoma ujumbe. Huyo mwenyewe ni mwalimu kule Uingereza, na samaki kafumwa na wanafunzi wake. Ananiuliza mimi, maana kwa rekodi zilivyo mimi ndiye niliyemweka humo, na hakuna aliyesema kamtoa. Anauliza kama kikopo kimeibiwa. Nimjibu nini, kwamba kaazimwa na ufunguo wa pikipiki?

Utetezi wako naujua, Shija kanieleza: "Mbona niliacha tochi?" Masalu, tochi ni nzuri, ahsante, lakini haihusiani kabisa. Ile kanuni ya chukua kitu uache kitu ni ya kweli, na ni ya zamani kama mchezo wenyewe. Ilianza na ndoo aliyoificha Dave Ulmer porini kule Oregon, Marekani, Mei 2000, mara tu baada ya serikali yao kuacha kuivuruga GPS ya raia. Ila inahusu gololi na vinyago, vile vya kubadilishana. Samaki hakuwekwa pale kwa kubadilishana. Ana mwenyewe, ana namba yake, yuko njiani. Ungeweza kumchukua bila kuacha hata njugu, na hakuna ambaye angekulaumu, mradi useme umemchukua, kisha umsogeze mbele. Na kama huwezi kumsogeza, unaandika tu kwamba umemwona, unamrudisha, unafunika.

Kusema umemchukua kunachukua dakika mbili! Intaneti ikigoma kule juu kwenye mawe, unaandika jioni ukifika nyumbani. Na ukiona utakaa naye zaidi ya wiki mbili hivi, unampelekea mwenyewe ujumbe mfupi: nimebanwa, lakini yuko salama. Hawana shida hawa. Wanachoumia ni ukimya. Mwenye kitu akikata tamaa anabonyeza kwamba kimepotea, samaki anafutwa kwenye orodha ya kikopo, na watoto wanaambiwa basi.

Halafu hukusoma hata anakokwenda. Iko kwenye ukurasa wake, mistari miwili tu: aguse nchi zote tatu za ziwa letu. Uganda alishafika, watu wakamweka Entebbe. Tanzania ndiyo sisi. Imebaki Kenya. Sasa mtu anayetaka kwenda Kenya kutoka Mwanza anapita wapi? Musoma, Sirari, anateremka Kisumu. Wewe ukamzungusha ziwa upande wa pili, mpaka Bukoba, ambako akisogea kidogo anatokea Mutukula na kuingia tena Uganda alikotoka. Hata nauli ungelipwa usingeweza kumpoteza kwa ustadi hivyo.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Kile chombo cha Perseverance kilichotua Mars Februari 2021 kina namba ya namna hii hii, wameichapa kwenye kibamba cha kupimia kamera. Kwa hiyo kuna msafiri yuko Mars na dunia nzima inajua aliko. Wetu yuko Bukoba, hajulikani.

Usije ukaona aibu ukamficha chini ya jiwe lolote huko ili mambo yaishe. Kikopo lazima kiwe kimesajiliwa na kiwe hai. Ukikuta wa mwisho wote wameandika hawakukipata, usimtie humo. Na mvua za Bukoba unazijua, akilowa yule ataoza na uzi wake. Kupokezana mkono kwa mkono kunaruhusiwa, kwa hiyo njia ni fupi: mpe Neema. Kabla hujampa, ingia kwenye programu uandike kwamba ulimtoa kwenye kikopo cha Mwanza, na uweke tarehe ile ile uliyomtoa, siyo ya leo. Akinifikia nitaandika nimempokea kutoka kwako, na Wambura wa Musoma ameshakubali kumvusha. Yeye Kisumu anakwenda kama mimi ninavyokwenda Buzuruga.

Mwalimu nimemwambia tu kwamba samaki yuko kwa mtu ninayemfahamu. Jina sijalitaja. Mwandikie wewe, hata kwa Kiswahili, atajua mwenyewe namna ya kutafsiri. Mwambie watoto samaki wao amepanda pikipiki. Nadhani watafurahi kuliko hata angefika Kisumu siku ile ile.

Tochi nayo nimeitoa kwa muda, betri ilianza kuvuja, ingeharibu daftari. Unaitaka au nimpe Shija?

Sasa nijibu. Jicho la kifungo bado lipo? Kibati hakijatoka kwenye mnyororo? Na hivi nywila yako unaikumbuka, au ndiyo sababu ya ukimya wote huu? Huko umekuta vikopo vingapi kwenye ramani, kuna cha kutufanya tuje Desemba? Kazi inakwendaje, yule bosi wako bado anahesabu dakika? Na lini unakuja, maana mama ameshaacha kuniuliza mimi, sasa anamuuliza Neema?

Wako,
Mabula

N.B. Neema hali senene. Usimpe ampelekee mama bila kufunika vizuri, atawatupa ziwani.