Filamu ya Jumamosi: kifuateni kinyago
Habari za jioni wanakikundi. Tunajadili La Noire de... ya Ousmane Sembène (1966). Ni ya saa moja hivi, kwa hiyo anayeweza aitazame mara mbili. Mara ya pili mwacheni Diouana, msichana wa Senegal anayefanya kazi za ndani kwa familia ya Kifaransa, fuateni kinyago: Dakar anawapa waajiri wake kama zawadi, Antibes, Ufaransa, kinaning'inia peke yake kwenye ukuta mweupe, kisha anakidai kwa nguvu. Wengi humwona mpole kwa kuwa mbele ya Madame, mwajiri wake wa kike, hujibu kwa neno moja moja. Sikilizeni sauti ya mawazo yake, hasira yote imo humo (washeni maandishi ya tafsiri). Barua ya mama inapofika, angalieni nani anashika kalamu. Tafadhali, mwisho msiusimulie humu kabla ya saa mbili usiku.