Fomu ya matokeo yataka kusomwa, si kuangaliwa

Mhariri,

Shule zinapofunga, kuanzia Likoni hadi Kisauni utawaona wazazi wakitoka mikutanoni na fomu za matokeo mkononi, nyuso zimekunjuka. Mtoto kapata ME (amefikia matarajio) kila mahali, na mwalimu kasema "amejitahidi". Furaha hiyo ni haki yao. Ila wengi huiangalia fomu, hawaisomi.

Chukua hizo herufi. Sekondari Msingi, yaani Gredi 7 hadi 9, ina viwango vinane: EE ni kuzidi matarajio, ME kuyafikia, AE kuyakaribia na BE kuwa chini yake, na kila kimoja kina ngazi mbili. EE1 ni alama 90 hadi 100, EE2 ni 75 hadi 89, ME1 ni 58 hadi 74, ME2 ni 41 hadi 57, kisha ngazi zinateremka kupitia AE hadi BE2. ME2 ina upana wa alama 17. Mtoto aliyetoka 42 akafika 56 amepanda alama 14, lakini fomu itasema ME2 mihula yote miwili na nyumbani ataambiwa hajasonga. Mwenzake aliyeporomoka kutoka 89 hadi 75 bado ni EE2, na huyo ndiye atakayenunuliwa viatu! Mwombe mwalimu alama zenyewe. Anazo kwenye daftari lake, hata kama fomu ina herufi tupu.

Ukishazipata, uliza wastani wa darasa katika somo hilo. Hapa ndipo wazazi wengi hupotea. Mitihani ya mwisho wa muhula mara nyingi hununuliwa tayari imechapishwa, na ugumu wake haulingani. Tuseme mtoto alipata 52 ya Hisabati muhula wa kwanza, wastani ukiwa 48. Muhula wa pili kapata 61, wastani 63. Mzazi anaona alama 9 za kusherehekea. Ukweli ni kwamba mtoto alikuwa mbele ya wenzake kwa alama 4 na sasa yuko nyuma kwa 2. Mtihani umekuwa rahisi, mtoto hajapanda. Swali la "amekuwa wa ngapi?" ni la enzi za KCPE, mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa mara ya mwisho 2023, na halikuambii haya.

Baada ya hapo omba daftari la mazoezi, maana fomu haionyeshi kosa. Fungua mada ya sehemu, yaani nambari kama 3/4. Ukikuta 3/4 + 1/6 = 4/10, yaani kajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, ujue hajaelewa kwa nini tunatafuta kigawe kidogo cha shirika, yaani nambari ndogo kabisa inayogawika kwa 4 na kwa 6. Sasa tazama masahihisho chini yake. Kama ameandika 9/12 + 2/12 = 11/12, ameshika. Kama ameandika 11/12 peke yake bila hatua, amenakili ubaoni, na kosa lilelile litamngoja mtihanini. Dakika tano na daftari zinakueleza zaidi kuliko maoni ya "anaweza kufanya vyema zaidi", ambayo sisi walimu, tukiri, huyaandika kwa darasa zima bila kuinua kalamu.

Kuna jambo jingine la kutenganisha. Mtihani wa mwisho wa muhula ni wa shule. Alama zinazomfuata mtoto hadi Sekondari Pevu, inayoanza Gredi 10, ni za tathmini ya kitaifa ya KPSEA ya Gredi 6 kwa asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi 7 na 8 kwa asilimia 20, na tathmini ya kitaifa ya KJSEA ya Gredi 9 kwa asilimia 60. Kwa hiyo mzazi wa Gredi 7 asingoje miaka miwili ndipo aulize mambo. Aulize sasa kama mwanawe amefanya kazi zote za tathmini hizo za shuleni, zinazotolewa na Baraza la Mitihani, hasa zile za vitendo. Mtoto aliyekosa kwa sababu ya homa au safari ya kwao bara anaweza kubaki na pengo ambalo mzazi hajaambiwa.

Kwa upande wa shule, mkutano wa Jumanne saa tatu asubuhi humwacha nje anayefanya kazi bandarini kwa zamu na mama wa kibanda cha mahamri, ambaye saa hizo ndizo za kuuza. Badala yao huja kaka mkubwa, anapokea fomu, anatia sahihi, basi. Jumamosi alasiri, watoto wakiwa wametoka madrasa, ingefaa zaidi.

Na fomu yenyewe iongezwe safu mbili katika kila somo, alama ya mtoto na wastani wa darasa. Mwalimu anayeingiza alama kwenye kompyuta tayari anazo zote mbili, na karatasi ni ileile.

Mwalimu wa Hisabati,
Likoni, Mombasa