Mchoro mzuri bado si usanifu wa mfumo

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie namna usanifu wa mifumo ya TEHAMA ya biashara, yaani kupanga kazi, data, programu na mashine zifanye kazi pamoja, unavyofundishwa vyuo vikuu. Tatizo la somo hili si uchache wa kompyuta wala wa vitabu. Tatizo ni kile tunachokipa alama. Mwanafunzi akileta mchoro wenye visanduku vilivyonyooka na mishale ya rangi tatu, amefaulu. Haulizwi mshale huu unabeba nini, mara ngapi kwa siku, na ukikatika saa nne asubuhi ni dawati gani litakalokuwa la kwanza kupiga simu.

Miongozo ya usanifu ndiyo inayokula muhula. Mwanafunzi anakariri jedwali la John Zachman, lililoanza kuchapishwa mwaka 1987, na maswali yake sita: nini, vipi, wapi, nani, lini na kwa nini. Kisha anakariri TOGAF, mwongozo wa hatua za kusanifu mifumo ya taasisi, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1995, yenye hatua ya maandalizi na nyingine nane kuanzia A hadi H. Mtihani unamwambia azitaje kwa mpangilio. Lakini TOGAF yenyewe inasema hatua zake zipunguzwe na zirekebishwe kulingana na taasisi husika, na hiyo ndiyo sehemu ngumu isiyotahiniwa. Kwa maoni yangu, miongozo yote ipewe wiki mbili. Kinachofaa kubaki kichwani ni mpangilio wa tabaka nne: kazi ya biashara, data, programu, halafu teknolojia. Anayeanza na teknolojia ananunua seva (kompyuta inayohudumia nyingine) kwanza, kisha anaitafutia kazi.

Wiki zinazobaki zitumike kwenye mchakato mmoja tu wa biashara, tangu mwanzo hadi mwisho. Chukua safari ya oda: mteja anaagiza, ghala linatoa mzigo, ankara inatumwa, fedha zinapokelewa. Kila hatua iandikiwe nani anaifanya, anasoma data gani, anaandika data gani, na mwenzake anayefuata anajuaje kuwa ni zamu yake. Mara nyingi jibu la swali hilo la mwisho ni karatasi au ujumbe wa simu, na hapo ndipo oda hupotea.

Tuangalie kumbukumbu ya mteja kwa karibu. Idara ya mauzo inamtambua mteja kwa namba ya simu, uhasibu kwa namba ya mlipakodi, na ghala kwa jina lililoandikwa kwenye hati ya mzigo. Mteja mmoja amekuwa watu watatu. Madeni yake yakigawanyika kwenye kumbukumbu mbili, anavuka kikomo cha mkopo bila mfumo kushtuka. Mwanafunzi wa michoro ataunganisha mifumo hiyo kwa mishale inayokwenda na kurudi, na kuanzia siku hiyo anwani ya zamani itakuwa inaifuta mpya kila usiku. Dawa yake ni kuamua umiliki. Jina na anwani vinamilikiwa na mauzo, kikomo cha mkopo kinamilikiwa na uhasibu, na mifumo mingine inasoma tu bila kubadili. Mteja apewe namba isiyo na maana yoyote ndani yake, isiyotumika tena hata akiondoka. Namba ya simu haifai kwa kazi hiyo kwa sababu huhama kutoka mtu mmoja kwenda mwingine. Halafu awepo mtu wa kuamua kumbukumbu mbili zinazofanana ni za mteja mmoja au wawili. Programu inaweza kumletea orodha, ila isimwamulie.

Hesabu nazo zirudi darasani. Ukiunganisha mifumo 6, kila mmoja na mwenzake, unapata viunganishi 15. Ikifika mifumo 20, viunganishi ni 190. Kituo kimoja cha katikati kinavipunguza hadi 20, ila sasa kituo hicho kikilala, vyote vimelala. Mwanafunzi lazima aseme amechagua kipi na kwa gharama ipi.

Au chukua mfumo unaoahidiwa kuwa hewani kwa asilimia 99.9 ya muda. Kwa mwaka hiyo ni saa 8 na dakika 46 za kusimama, na wengi huona inatosha. Sasa panga mitano ya aina hiyo mmoja nyuma ya mwingine, kiasi kwamba oda haipiti mpaka yote iitike. Kama kila mmoja unaanguka kwa wakati wake, asilimia inashuka hadi 99.5, na saa za kusimama zinakaribia 44. Ukiweka foleni ya ujumbe, yaani mahali ujumbe unapongojea hadi mpokeaji awe tayari, kati ya mauzo na uhasibu, oda inapokelewa hata uhasibu ukiwa umelala. Lakini foleni nayo ina mambo yake: ujumbe mmoja unaweza kufika mara mbili, na mteja akaletewa ankara mbili. Kwa hiyo kila oda ibebe namba yake, na mpokeaji akikutana na namba aliyokwisha kuiona, aiache.

Kosa linalojirudia zaidi ni kupima mzigo kwa wastani. Tuseme oda ni 36,000 kwa siku. Ukigawa kwa saa 24 unapata pungufu ya nusu oda kwa sekunde, na seva yoyote inatosha. Ila nusu ya oda hizo zikija ndani ya saa 2, ni oda 2.5 kwa sekunde, na kila oda ikiuliza hifadhidata (mahali mfumo unapotunza kumbukumbu zake) mara 8, hifadhidata inapokea maswali 20 kwa sekunde. Hapo inaingia hesabu ya foleni, yaani ya muda ambao kazi inasubiri zamu yake. Kwa foleni sahili ya seva moja, kazi inayochukua sekunde 0.1 itachukua kama sekunde 0.2 seva ikiwa imeshughulika kwa asilimia 50, sekunde 1 kwa asilimia 90, na sekunde 2 kwa asilimia 95. Ndiyo maana mfumo uliokuwa mzima jana unakwama leo ingawa wateja wameongezeka kidogo tu.

Kuhusu nakala rudufu, kuna maswali mawili ambayo fundi hana mamlaka ya kuyajibu: biashara inakubali kupoteza kazi ya saa ngapi, na inakubali kusimama kwa saa ngapi? Nakala ikichukuliwa saa sita usiku na diski ikafa saa kumi jioni, kazi ya saa 16 imekwenda. Kuirejesha ni habari nyingine. Terabaiti 2 zikipita kwenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde zinahitaji saa 44 na ushee, hata laini ikiwa haifanyi kitu kingine. Kama mkurugenzi aliahidiwa saa 4, basi aliahidiwa kitu ambacho hakuna aliyekipigia hesabu.

Tuache pia kuwapa wanafunzi karatasi tupu. Biashara karibu zote zina mfumo wa zamani, aghalabu usio na maelezo ya maandishi, na kazi ya msanifu ni kuhama kutoka huo bila kufunga duka. Zoezi liseme wazi: mfumo wa zamani na mpya ifanye kazi sambamba kwa muda, jumla zake zilinganishwe kila siku, kufunga hesabu za mwezi mzima kupite bila tofauti, na njia ya kurudi nyuma iwe imejaribiwa kabla ya siku ya kuhama. Panapoharibika ni pale watumishi wanapotakiwa kuingiza kila oda mara mbili, kwenye mfumo wa zamani na kwenye mpya. Baada ya siku chache wanachoka, wanaingiza upande mmoja, na ulinganisho unapoteza maana.

Inafaa pia wanafunzi wajue alichokiandika mtaalamu wa kompyuta Melvin Conway katika makala iliyochapishwa mwaka 1968: taasisi hutoa mifumo inayofanana na mawasiliano yake yenyewe. Idara mbili zisizosemezana zitazaa programu mbili zisizosemezana, na hakuna kiunganishi kitakachotibu hilo.

Pendekezo langu la alama ni hili: 40 kwa kumbukumbu za maamuzi, 30 kwa hesabu, 20 kwa mchakato na umiliki wa data, 10 kwa mchoro. Kumbukumbu ya uamuzi ni ukurasa mmoja unaoeleza hali ilivyo, kilichochaguliwa, kilichokataliwa na sababu yake, na hasara inayokubaliwa. Mwanafunzi asiyeweza kutaja njia aliyoikataa hajaamua kitu, amenakili. Katikati ya muhula mwalimu abadili sharti moja, kwa mfano oda ziongezeke mara tatu au kampuni iungane na nyingine yenye mfumo tofauti wa uhasibu, aone ni maamuzi yapi yanaandikwa upya na yapi yanasimama.

Najua wahadhiri wenzangu watasema kusahihisha hivi kunakula muda. Dakika 15 kwa kila kundi zinatosha. Mwalimu aweke kidole kwenye mshale mmoja, autangaze umekatika, kisha amwombe mwanafunzi afuate oda moja kuanzia hapo.

Wako,
Mhadhiri wa usanifu wa mifumo