Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: kobe huyu atarithiwa na nani?

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KOBE WAKUBWA WA KIGENI WANAOFUGWA MAJUMBANI

Salaam. Mimi ni daktari wa mifugo hapa Dar es Salaam. Riziki yangu inatoka kwa ng'ombe wa maziwa wa Goba, kuku wa Tegeta na mbwa wa kulinda mageti ya Mbezi Beach. Siku hizi naitwa pia kutibu kobe, tena kobe wa kununuliwa, wa kigeni, ambaye mwenye naye hawezi kumnyanyua peke yake. Nakuandikia kuomba umiliki binafsi wa kobe wa namna hiyo uwekewe leseni na mipaka ya kisheria, na leseni hiyo asipewe mtu yeyote asiyeweza kuonyesha kwamba yeye akifa, kobe atakwenda kwa nani.

Najua hilo la mwisho litawachekesha wasaidizi wako. Wacheke kidogo, halafu waendelee kusoma.

Ninaowasemea ni wa aina mbili hasa. Wa kwanza ni kobe wa Aldabra, visiwa vya Shelisheli, ambaye sisi wa pwani tumemzoea kwa jina la kobe wa Changuu. Dume lake linaweza kufika kilo 250. Wa pili ni kobe wa Saheli, ambaye wauzaji humwita sulkata. Asili yake ni ukanda mkavu wa kuanzia Senegali hadi Ethiopia, na dume lake linaweza kupita kilo 80. Wote wawili wamo katika Kiambatisho cha Pili, yaani cha viumbe ambao biashara yao inahitaji kibali, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ambao Tanzania ni mwanachama wake tangu 1979, na kwa sulkata tangu mwaka 2000 kiwango cha kuuza nje waliokamatwa porini kwa ajili ya biashara ni sifuri. Kwa hiyo sulkata yeyote aliyeingia sokoni kihalali baada ya hapo anatakiwa awe na karatasi inayoonyesha kwamba amezaliwa mikononi mwa watu. Kila nikiuliza karatasi hiyo, naonyeshwa picha ya kobe kwenye simu.

Sasa umri. Kisiwani Saint Helena kuna kobe mashuhuri wa jamii hii ya Shelisheli aitwaye Jonathan, anayekadiriwa kuwa alizaliwa karibu na mwaka 1832. Hapo Sultani Majid alikuwa bado hajaota kuujenga mji huu wa Dar es Salaam. Ilipita zaidi ya miaka thelathini ndipo akaanza. Mtu wa miaka arobaini na tano anayenunua kitoto cha kobe wa Aldabra leo ananunua mnyama ambaye wajukuu zake watazeeka naye. Muuzaji halisemi hilo. Husema tu kwamba anakula majani na hana kelele.

Niliwahi kuitwa katika nyumba moja ya Mikocheni. Mzee mwenye nyumba alikuwa ametangulia mbele ya haki. Msimamizi wa mirathi alikuwa ameorodhesha kiwanja, gari, fedha za benki, hata jenereta na matangi ya maji. Kobe wawili waliokuwa wakiishi nyuma ya banda la hiyo jenereta hawakuwemo popote katika orodha. Warithi walishagombania kila kitu hadi mahakama ya mwanzo, ila kwenye kobe kila mmoja alikuwa mkarimu wa ajabu: mchukue wewe, kaka, hapana dada, mzee alikupenda zaidi wewe. Kiwanja kikauzwa. Mnunuzi alitaka kuvunja nyumba ajenge ghorofa za kupangisha, na aliyenipigia simu alikuwa fundi wake, akiniuliza kwanza kama wanalika. Mwishowe wale kobe walipakiwa kwenye kirikuu, wamefungwa kwa kamba za katani, wakapelekwa kwenye shamba la mtu upande wa Mkuranga. Kwa sheria yetu, wakati ule wale wanyama walikuwa mali ya nani? Ya marehemu, ya msimamizi, ya aliyenunua ardhi, au ya Serikali? Fundi aliniuliza swali hilo pia, na lilikuwa zuri kuliko la kwanza.

Mtu anaweza kusema mbwa naye hubaki bwana wake akifa. Ni kweli, lakini mbwa hubaki miaka michache, na jirani mwenye huruma anaweza kumchukua. Mnyama wa kilo mia mbili aliyebakiza miaka sabini si wa kuachiwa huruma ya jirani.

Niseme na kuhusu tiba, maana hapo ndipo ninapoona mengi. Kobe ni mgonjwa mgumu kwa sababu hulalamika polepole. Akianza kuonekana anaumwa, tatizo lina miezi, pengine miaka. Wengi ninaoletewa wamelelewa kwa mkate, wali uliobaki, ugali na maganda ya ndizi, kwenye ua wa saruji uliofunikwa bati. Kobe hawa ni wala nyasi. Wanahitaji jua la moja kwa moja na kalsiamu ya kutosha. Wakikosa, mifupa inalegea, na gamba linalopaswa kuwa gumu na la mviringo linaweza kuota nundunundu, au linabonyea ukilikandamiza kwa kidole. Nundu hizo haziondoki hata ukibadilisha lishe. Unachoweza kufanya ni kuzuia zisizidi.

Halafu kuna dawa ya minyoo. Kila mfugaji mjini hapa ana chupa ya ivermektini kabatini, kwa ajili ya mbuzi, ng'ombe na mbwa. Ni dawa nzuri kwa hao. Kwa kobe ni sumu: humpooza na kumuua, na hilo limejulikana kwa madaktari wa wanyama tangu miaka ya 1980. Hapa mjini kijana wa kuchunga hutumwa duka la pembejeo, anaelezwa kipimo kwa uzito, anapiga sindano kwa nia njema kabisa, na baada ya hapo mimi naitwa kumtazama mnyama ambaye hawezi tena kuinua shingo. Hakuna anayejiona kuwa amevunja sheria. Aliyeuza kobe hakulazimika kumwambia mnunuzi lolote, na mnunuzi hakulazimika kujifunza lolote.

Sulkata ana lake. Huchimba. Kwao Saheli hujificha na joto kwa kuchimba mashimo marefu, na huku kwetu kwenye kichanga huchimba bila taabu, mara nyingi kandokando ya ukuta. Mvua za masika zikija shimo linajaa maji, msingi unalowa, ukuta unapata ufa, na jirani anaanza kuzungumza habari za wakili. Kuhusu watoto na salmonela, bakteria wa kuharisha ambao kobe huweza kuwabeba, nitasema kwa ufupi: Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wenye gamba lisilofika inchi nne, kwa sababu watoto waliokuwa wakiwachezea na kuwatia mdomoni walikuwa wanaugua. Huku kwetu kitoto cha kobe ndicho hasa anachonunuliwa mtoto.

Mheshimiwa, mfano wa karibu kuliko wote uko ng'ambo ya mkondo. Mwaka 1919 gavana wa Shelisheli alitoa zawadi ya kobe wanne, wakawekwa kisiwani Changuu, mbele ya Mji Mkongwe. Walizaana vizuri, kufikia katikati ya miaka ya 1950 wakawa kama mia mbili. Baadaye wakaanza kuibwa, kwa kuuzwa kama wanyama wa kufuga, kwa nyama na kwa maonyesho, hata ilipofika 1996 walikuwa wamebaki saba. Ndipo ukajengwa uzio wa maana, kwa msaada wa shirika la kimataifa la kulinda wanyama, na leo wageni wanalipia kwenda kuwalisha. Walioibwa nani aliwanunua? Watu wenye nyua. Leo nikiingia kwenye ua wa Masaki nikakuta kobe wa Aldabra wa makamo, hakuna njia ya kutofautisha aliyezaliwa kwa mfugaji halali na yule aliyevushwa usiku kwa boti. Hana chipu ya utambulisho, hana namba, hana cheti. Ofisa wako akiingia baada yangu atakuwa kipofu kama mimi.

Serikali imekuwa macho kwenye mlango wa kutokea. Mei 2016 ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Juni 2022 tangazo la kuruhusu tena usafirishaji huo kwa miezi sita lilitoka, likasitishwa kabla wino haujakauka. Mwaka 2019 kobe wetu bapa, yule wa nyufa za mawe anayetaga kwa kawaida yai moja tu, alipandishwa hadi Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, chenye ulinzi mkali zaidi. Yote hayo nayaunga mkono. Lakini kinachoingia, na kinachozaliana ndani ya kuta zetu, hakina msimamizi wa namna hiyo. Leseni za bustani, mashamba na ranchi za wanyamapori zipo chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, ila mtu mwenye kobe wawili nyuma ya jenereta hajioni kuwa ana bustani ya wanyamapori, na wala hatakuja kuomba.

Kwa nini basi nisiombe marufuku kabisa? Kwa sababu naijua Dar. Tangaza marufuku Jumatatu, na kufikia Ijumaa kobe watakuwa wametupwa katika misitu ya Pande na Pugu. Huko kuna viumbe wetu wa asili ambao hawajawahi kukutana na vijidudu vya kobe waliochanganywa na wenzao wa mabara mengine. Katika jangwa la Mojave, Marekani, kobe wa porini walipatwa na ugonjwa wa njia ya hewa unaoletwa na bakteria waitwao maikoplasma, na kobe wa kufugwa walioachiliwa walitajwa miongoni mwa washukiwa. Hilo nisingependa lijaribiwe Kisarawe.

Wala uhuru bila mpaka haujawasaidia waliouchagua. Sulkata jike hutaga mayai kumi na tano hadi thelathini kwa mkupuo, na hurudia ndani ya msimu mmoja. Huko Arizona, ambako hali ya hewa inamfaa, vitoto viliuzwa kwa bei ya chini kwa miaka mingi, na sasa vituo vya wanyama waliotelekezwa vimelemewa na madume yasiyotakiwa na mtu. Ulaya baridi humpunguza kasi kidogo mfugaji wa pupa, kwa kuwa lazima alipe gharama ya kupasha joto banda. Dar es Salaam joto ni la bure.

Ninachoomba ni leseni ya mnyama mmoja mmoja, inayoanza kwa msamaha. Waliopo sasa wapewe muda, tuseme mwaka, wa kuja kuandikisha bila kuulizwa walimpata wapi, isipokuwa pale penye kesi ya wizi iliyokwisha funguliwa. Kila kobe awekwe chipu chini ya ngozi, jambo ambalo daktari yeyote wa mifugo anaweza kulifanya kwa dakika chache. Baada ya muda huo, kuuza kitoto cha kobe hawa bila namba liwe kosa, na kosa liwe la muuzaji kwanza. Eneo liwe na kipimo: mtu wa kiwanja cha mita ishirini kwa ishirini chenye nyumba, kisima na maegesho asipewe, hata awe na fedha kiasi gani. Fomu iwe na jina la mrithi wa kobe na sahihi yake, na kama hana mrithi, iwe na jina la bustani iliyokubali kwa maandishi kumpokea. Mwenye ekari zake Kigamboni, mwenye nyasi, kivuli na mtoto aliyekubali kutia sahihi, apewe leseni yake na aachwe kwa amani. Wapo, na baadhi yao wanatunza vizuri kuliko bustani nilizowahi kuziona.

Wenye mashaka wameshaniambia kwamba leseni itakuwa kichaka kingine cha rushwa. Hofu hiyo siidharau. Ndiyo maana naomba ada iwe ndogo, ilipwe kwa namba ya malipo ya Serikali kama ada nyingine, na orodha ya namba za chipu iwe wazi ili polisi, mahakama ya mwanzo au mnunuzi wa kiwanja aweze kuitazama mwenyewe. Rushwa hupenda mahali ambapo ofisa peke yake ndiye anayejua kanuni inasemaje.

Na kwa kuwa wanyamapori si jambo la Muungano, hakuna litakalofaa bila Zanzibar. Orodha ikiishia bandarini Dar, wezi wa kobe watahamia upande usio na orodha. Chipu ziwe za mfumo mmoja, na orodha mbili zisomane.

Mwisho ni suala la mahali. Wizara itaje kituo kimoja, mkoa huu au Pwani, kitakachopokea kobe wanaosalimishwa, chenye uzio, maji na mtu anayejua kwamba ivermektini haiguswi. Kuna mama mmoja Bunju anahamia kwa wanawe Kanada na ana dume la sulkata ambalo hakuna ndugu anayelitaka. Ananiuliza alipeleke wapi. Nimemwomba avumilie hadi nipate jibu lako, na siku ya safari yake haiko mbali.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Daktari wa mifugo, Kinondoni

Nakala: Mkurugenzi wa Wanyamapori, TAWA, Wizara inayosimamia maliasili, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar