Elimu ya mwanamke ni afya yake pia, si ya watoto wake tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalosahaulika kila elimu ya wasichana inapojadiliwa. Tunaambiwa, na ni kweli, kwamba mama aliyesoma hulea watoto wenye afya bora. Lakini mwili wake mwenyewe, hasa akishapita umri wa kuzaa, hautajwi, kana kwamba alisoma kwa niaba ya wengine.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019, duniani kwa jumla mwanamke alitarajiwa kuishi miaka 75.9 na mwanamume 70.8. Takwimu hizo hutangazwa kama habari njema kwa wanawake. Hata hivyo, ikihesabiwa miaka ya kuishi katika afya njema pekee, mwanamke hubaki na 64.9 na mwanamume 62.5, yaani zaidi ya nusu ya ile ziada ya mwanamke humezwa na maradhi na ulemavu.

Maumbile yana sehemu yake, kwa kuwa mifupa hudhoofika upesi hedhi ikikoma. Lakini trakoma, ugonjwa wa macho unaoambukiza, je? Wanawake hupofushwa nayo hadi mara nne zaidi ya wanaume, na inaelekea sababu ni kwamba wao ndio wanaoshinda na watoto wenye maambukizi, wakiambukizwa tena na tena, hadi kope zinajikunja kwa ndani na kukwaruza jicho kila wanapopepesa. Hapo kinachopofusha ni mgawanyo wa kazi za nyumbani.

Elimu haiwezi kufuta yote hayo, ila inapunguza mengi. Aliyesoma ana nafasi kubwa zaidi ya kupata kazi isiyomvunja mgongo na kipato kisichomlazimu kuomba ruhusa ya kwenda kupimwa. Aliyeelewa kwamba shinikizo la damu kwa kawaida haliumi hataacha vidonge siku anapojisikia vizuri. Asiyeelezwa huviacha, na kiharusi kikimpata huenda kikamwacha amepooza upande mmoja.

Kwa hiyo naziomba wizara za afya zichangie, kwa bajeti zao, madarasa ya elimu ya watu wazima, na yapangwe saa ambazo wanawake wanaweza kuhudhuria. Gazeti lako nalo, kila linapochapisha umri wa kuishi, lichapishe pembeni yake miaka ya afya njema, kwa jinsia na kwa kiwango cha elimu.

Msomaji wako