Mama amekataa kushuka

Temeke, Dar es Salaam
9 Julai

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Natumai hamjambo wote hapo Korogwe, na baba watoto goti limepata nafuu. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Watoto wamerudi shule, na kipupwe kimetupunguzia joto kidogo. Mama Tatu anakusalimu sana, anasema ile kanga bado anaisubiri na safari hii hataki visingizio.

Kifurushi hiki kisikushangaze. Dawa zilizomo ni za mama yangu. Sweta mbili, soksi na mafuta ya kuchua pia ni vyake. Kwenye simu nimeshindwa kukueleza. Kila nikianza, mara mtandao unakatika, mara sauti yangu yenyewe inakatika. Nikaona afadhali nikae jikoni usiku huu, wenzangu wamelala, nikuandikie yote kwa utaratibu, maana hili si jambo la kusikilizwa juu juu huku umesimama wodini na wagonjwa wanakuita.

Mama amebaki Usambara, Mwanaidi. Amekataa kushuka.

Safari yenyewe ilikuwa ya watoto. Baba Rehema alipata likizo mwezi wa sita, shule zikafungwa, tukasema mwaka huu tusiende Bagamoyo kuloweka miguu na kurudi, twende mlimani watoto wakaone baridi ni kitu gani. Mama tulimchukua kwa sababu siwezi kumwacha peke yake ndani ya ile nyumba. Unajua alivyokuwa tangu baba afariki. Asubuhi kwenye kochi, mchana kwenye kochi, televisheni inaongea na yeye haitazami. Ukimuuliza unakula nini mama, anakujibu chochote. Magoti yanamuuma, usingizi hana, presha inapanda na kushuka. Mara ya mwisho tulipompima kabla ya safari ilikuwa 160 kwa 95. Kwa hiyo nilimfungashia dawa zake nikijua namchukua mgonjwa.

Kutoka hapa mpaka Mombo hakusema neno. Pale njia panda jua lilikuwa kali, vumbi tupu, mkonge umejipanga mpaka macho yanachoka. Tukala machungwa, tukaanza kupanda. Ile barabara unaijua, mpaka Lushoto ni kama kilomita 33 tu, lakini kona zake! Huku mwamba, huku korongo, na mto unanguruma chini. Sele alikuwa anahesabu kona, Rehema anatapika kwenye mfuko, mdogo amelala. Kabla ya kufika Soni hewa ikabadilika, ikawa baridi na yenye harufu ya majani. Mama akashusha kioo cha gari. Akamwambia mkwewe, "Baba, zima hiyo redio." Baba Rehema akazima. Mama akawa anasikiliza maji. Tulipofika kwenye maporomoko ya Soni akaomba tusimame, akashuka mwenyewe bila kushikwa mkono, akasimama pale ukingoni muda mrefu sana. Mimi nilikuwa naangalia magoti yake tu, nikiogopa ataanguka.

Lushoto tulipanga kwenye nyumba ndogo ya wageni karibu na mjini. Sele alikuwa amesoma kwamba Wajerumani waliuita mji huo Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, basi kila akiona ukuta wa mawe anauliza huu ni wa Wajerumani? Sokoni nilishindwa kujizuia: mapeasi, plamsi, karoti nene zenye udongo wake, kabichi ambazo Kariakoo tunazinunua zimekwisha kunyauka. Siku nyingine tukaenda Irente. Mwanaidi, wewe uko Korogwe hapo chini na hujawahi kufika Irente, hilo silikubali. Unasimama juu ya jabali, na mbele yako nchi imekatika. Chini kabisa unaona mabati ya Mazinde yanameremeta na mashamba ya mkonge, kisha nyika inaendelea mpaka inapotelea kwenye ukungu wa joto. Baba Rehema aliwashika watoto mashati kwa nyuma muda wote. Tukanunua pale shambani kwao mkate mweusi na jibini, watoto jibini wakalikataa, mama akalila.

Msitu wa Magamba ndipo nilipoanza kumwona mtu mwingine. Kijana aliyetuongoza alitutafutia kinyonga mwenye pembe mbili puani, akasema aina ile haipatikani popote duniani ila Usambara ya Magharibi. Mama alisogea mbali, wazee wetu na kinyonga unawajua. Lakini tulipofika kwenye mti mmoja mkubwa, yeye ndiye aliyemtangulia kijana kuutaja. "Huu mkulo." Akakwangua gome kwa ukucha, akawapa watoto wanuse. Kweli ulikuwa na harufu kali kama kafuri. Akaendelea: huu wa kuchongea mchi, huu ukiuchoma moshi wake unaumiza macho, haya majani marehemu bibi alikuwa akinichemshia nikikohoa. Yule kijana akaacha kuongoza, akawa anamfuata yeye. Wakaingia kwenye Kisambaa wote wawili, wakatuacha sisi tunatazama mbega wakiruka juu ya miti. Mimi mama yangu nimemjua maisha yangu yote, na sijawahi kumsikia akizungumza Kisambaa kwa muda mrefu namna ile. Nyumbani ilikuwa Kiswahili tu, baba alikuwa mtu wa Pwani. Kisambaa chake tulikisikia akikasirika.

Baada ya hapo ndiyo tukaenda kwa mama mdogo, upande wa Vuga. Mama hakuwa amelala pale tangu alipoolewa. Alikwenda kumzika bibi akarudi siku ileile, na matanga hakukaa, kwa sababu ambazo unazijua na leo sizirudii.

Jioni ya kwanza walipika makande. Tukakaa jikoni kwenye moto, wote, mpaka Baba Rehema, na ile suruali yake ya kitambaa. Mama akawasimulia watoto habari za Mbegha. Jinsi alivyotoka Nguu, mwindaji, amekataliwa na ndugu zake kwa kuwa alizaliwa kigego, meno ya juu yakatangulia. Akaingia milima hii na mbwa wake, watu wakamkuta anawaua nguruwe waliokuwa wanamaliza mashamba, nyama anawagawia. Siku akamuua simba, wakamfanya mtawala wao, pale pale Vuga. Sele akauliza, "Bibi, ndugu zake walikuja kumwomba radhi?" Mama akacheka. Mwanaidi, alicheka! Nilitoka nje nikasimama gizani kwenye baridi, nisionekane nalia.

Na kila siku iliyofuata ilikuwa hivyo. Nikiamka kumekucha, ukungu umejaa mpaka mlangoni, mama hayupo kitandani. Ameshaswali, yuko shambani na mdogo wake wanachuma maharage. Kile kiteremko mimi nilikuwa nakishuka kwa kushika majani, yeye anakishuka na mkongojo, pole pole, anaongea. Analala saa tatu mpaka alfajiri. Majirani wakipita wanamwita kwa jina lake la usichanani, jina ambalo sisi wanawe hatulitumii hata kwa mzaha. Nilimwuliza magoti vipi, akaniambia yanauma, lakini yanauma nikiwa na kazi.

Siku ya kuondoka nikafunga mizigo. Begi lake tupu. Nikamkuta uani anapukuchua maharage na mama mdogo, nikamwambia mama, gari linasubiri. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Nyie nendeni salama. Mimi nipo." Nikafikiri anatania. Nikasema mama, dawa zitakwisha. Akasema, "Zilete." Baba Rehema akataka kuongea, nikamzuia, maana nilimtazama mama usoni nikaona ni uso ule aliokuwa nao zamani, wakati akiuza vitumbua pale Tandika, askari wa jiji wanamwambia aondoke na yeye anaendelea kugeuza vitumbua vyake.

Tukaondoka. Nimeshuka ile barabara nikiangalia nyuma mpaka shingo ikauma.

Sasa kelele ziko huku. Kaka mkubwa amenipigia simu usiku saa tano, anasema nimemtelekeza mama porini, watu watasemaje, mwanamke wa umri ule ana watoto sita Dar analala kwenye nyumba ya jiko la kuni. Dada wa Mbagala naye kamuunga mkono. Wanataka Jumamosi ya wiki ijayo waende na gari wamlete. Wamlete vipi, Mwanaidi? Wambebe? Nimewaambia mkutano wa familia ufanyike kwanza, na mkutano wenyewe usifanyike bila yeye kusikika. Hawanielewi. Na ile habari ya chumba cha mama hapa Temeke, kwamba sasa kiko wazi na kuna mtu anakitaka, hiyo nitakueleza tukionana, nikiiandika nitaharibu karatasi.

Mimi msimamo wangu nakwambia wewe waziwazi: nataka abaki. Nimemwona anaishi. Huku tulikuwa tunamlisha, tunamwogesha kwa maji ya moto, tunampeleka kliniki, tunampenda kwa moyo wote, na alikuwa anafifia mbele ya macho yetu. Lakini kusema nataka abaki hakunipi usingizi. Huu ni mwezi wa saba, baridi ya kule unaijua, na nyumba ya mama mdogo upepo unapita chini ya mlango. Akizidiwa usiku, mpaka hospitali ya wilaya Lushoto au ile ya Bumbuli ni kupanda pikipiki kwanza, na mvua ikinyesha ile njia inateleza, hata vijana wa bodaboda wanagoma. Mama mdogo mwenyewe si kijana. Anamchemshia majani, na sina ugomvi na majani, ila naogopa akijisikia vizuri ataviacha vidonge. Wewe nesi umeshaona wangapi waliofanya hivyo?

Ndiyo maana nakuomba. Sina mtu mwingine wa karibu na ule mlima ambaye mama atamsikiliza. Ukipata siku ya mapumziko, panda mpaka Soni, mjukuu wa mama mdogo atakusubiri stendi na pikipiki, namba yake nimeiandika nyuma ya boksi la dawa. Mpime presha akiwa ametulia, si mara tu ukiingia, maana atakukimbilia kukukumbatia. Mtazame miguu kama imevimba. Angalia analala wapi, blanketi zinatosha au hazitoshi, choo kiko mbali kiasi gani usiku. Halafu kaa naye, kunywa naye chai, mwulize mwenyewe. Mimi akinijibu huwa ananihurumia, wewe hatakuficha. Na akikwambia kwamba anataka kurudi, kwamba alisema vile kwa hasira au kwa kumkumbuka bibi, nipigie simu hata kama ni usiku wa manane, nitakuja mwenyewe kumchukua na sitamwuliza neno.

Nauli nimeikunja kwenye mfuko wa sweta ya kijani. Usinirudishie, na usianze yale yako ya "sisi ni ndugu". Ni ndugu, ndiyo, na ndugu anapanda Hiace kwa hela.

Na wewe je, shoga yangu? Nimekuandikia mambo yangu tupu. Yule kijana wako amepangiwa shule gani? Ule uhamisho wa Handeni umekubaliwa au bado wanakuzungusha? Mama yako alipoamua kurudi kwao, wewe na kaka zako mlifanyaje? Nakumbuka mlinuniana, lakini sikumbuki mlipatanaje. Nani alianza kuongea? Mlimwekea mtu wa kulala naye, au alikataa? Dawa zake nani alikuwa anazisimamia? Na ulikuwa unalalaje wewe, ukijua yuko mbali? Unadhani nimruhusu kaka aende Jumamosi ili akajionee mwenyewe, au akifika tu atampakia garini? Nikimwambia aende na watoto wake, moyo wake utalainika? Na Desemba, tukipanda tena, utakuja na wanao, au mpaka nije nikuvute hapo Korogwe kwa kamba?

Nijibu kwa simu, kwa barua, vyovyote. Ila nijibu kabla ya Jumamosi hiyo.

Wako akupendaye,
Mama Rehema

Vidonge vyeupe vidogo ni kimoja asubuhi. Vile vya njano ni vya magoti, asivinywe akiwa hajala.